Kamati ya Kiswahili ya mwaka 1930, na sisi wenye tulibaki ku mulango

Mutoto wa kwetu akirudi toka masomo na daftari yenye kuchorwa na biki nyekundu, mara nyingi kosa ni moja tu: ameandika vile anasema nyumbani. Aliandika «mutu», mwalimu amekata, ameweka «mtu». Mutoto anauliza baba, na baba anajibu ya kama njo Kiswahili bora. Lakini nani alikiita bora? Uamuzi huo una tarehe, una muji, tena una barua zake. Inafaa tuujue.

Mwaka 1925 kulifanyika mukutano wa mambo ya masomo huko Dar es Salaam, chini ya gavana Mwingereza Donald Cameron. Waliona ya kuwa kila misioni inaandika Kiswahili yake, kitabu cha muji mumoja hakisomeki vizuri ku muji mwingine, na pesa ya kuchapisha inapotea. Mwaka 1928 wakakutana tena Mombasa. Hapo palikuwa maneno makali kati ya wenye kutaka Kimvita, Kiswahili cha Mombasa yenyewe, na wenye kutaka Kiunguja. Hata Carl Meinhof, profesa wa luga za Afrika toka Hamburg, alikuwa pale. Kiunguja kikashinda. Na tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 1930 kamati ikaanza kazi, ikiunganisha inchi ine: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Sekretere wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson.

Mimi napenda kuangalia ginsi walivyofanya kazi, juu hapo ndipo vyama vyetu vingi vinafia. Fikiri: inchi ine, kila moja na serikali yake, meli na treni tu, simu haba. Memba mumoja yuko Kampala, mwingine Unguja. Kamati haikujaribu kuwakusanya kila wakati. Ilimuweka sekretere mumoja mwenye kazi hiyo, si mutu wa kufanya saa ya mapumziko. Maandiko ya vitabu vya masomo yalitumwa kwa wasomaji, wakayasahihisha, yakarudi. Kitabu chenye kukubaliwa kilichapishwa na alama ya kamati, na mwalimu wa mbali kabisa aliona mara moja ya kuwa hiki kimepita. Kulikuwa pia na gazeti dogo la kamati, lenye kuchukua maulizo juu ya maneno na majibu yake. Kamusi yao kubwa ilitoka 1939, miaka miwili kisha kifo cha Johnson. Gazeti lile lilibadilisha jina mara nyingi, lakini halikufa: leo linaitwa «Kiswahili» na linatoka ku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chama gani cha kwetu kina gazeti la umri huo?

Basi, upande wa mawasiliano tuwasifu. Upande wa umemba ni jambo lingine. Mutu hakuingia juu anajua Kiswahili, aliingia juu serikali ya koloni yake ilimutuma. Wakurugenzi wa elimu walikuwa ndani, na pamoja nao Wazungu wengine, wamisionere wakiwemo. Katika miaka ya kwanza Mwafrika hakuwa na kiti, hata kama kusaidia waandishi wenye Kiswahili ni luga yao ya kuzaliwa ilikuwa moja ya makusudi ya kamati. Wenye luga walikuja kisha. Shaaban Robert, mushairi wa Tanga, alikuwa memba, lakini hiyo ni wakati kamati ilikuwa imekwisha kuitwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na sheria za kuandika zilikuwa zimekwisha kuwekwa.

Na Kongo? Kongo haikuwa mbali. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, ile ya Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Kati yao iko ziwa tu. Zaidi ya hiyo, kwa mapatano ya 1921 Wabeleji walipata sehemu zao wenyewe ndani ya bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam. Watu waliziita Belbase. Kwa hiyo muzigo wa Kongo ulishuka ku muji uleule wa ofisi ya kamati. Njia ilikuwa. Kilichokosekana ni kiti, juu kamati ilikuwa ya inchi za Waingereza.

Tuseme kweli pia: Wabeleji hawakulilia kiti hicho. Wamisionere wengine waliogopa Kiswahili kama luga ya Uislamu. Na Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa Kongo ya Wabeleji, ameonyesha ya kwamba kule Katanga Kiswahili kilifaa wakubwa kwa kukata kamba na Rhodesia, wafanyakazi wasivutwe upande wa Waingereza. Mutu mwenye kukata kamba haombi kuingia katika kamati ya Waingereza. Kila mumoja akaandika yake. Mwaka uleule wa 1928, wakati wanabishana Mombasa, misionere John Whitehead alitoa kitabu chake cha Kingwana huko Wayika, kando ya Lualaba. Vitabu viwili vya luga moja, bila kujuana.

Matokeo yake tunayabeba mupaka leo. Mwaka 1965, kule Elisabethville, chama cha waboyi wa zamani wa Wazungu kilitoa habari ya muji wao, iliyoandikwa na André Yav: «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili cha Lubumbashi, bila sheria ya kamati yoyote, maneno yameandikwa vile sikio linasikia. Ni watumishi wenyewe wanaeleza maisha yao chini ya Wazungu, na mimi sijui andiko lingine la kwetu lenye kufanana nalo. Lilifika kwa wasomi wa dunia mwaka 1990 tu, wakati Fabian alilichapisha Amsterdam pamoja na tafsiri. Miaka 25! Chama kile kilikuwa na memba, kilikuwa na andiko, lakini hakikuwa na mahali pa kulituma.

Leo mambo yamebadilika kwa sehemu. Mwaka 2012 kilianzishwa CHAUKIDU, chama cha kukuza Kiswahili duniani, ambako mutu anaingia kwa jina lake mwenyewe, si kwa kutumwa na serikali. Upande wa serikali, Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo iko na Kamisheni ya Kiswahili yenye ofisi yake Unguja. Kwa hiyo kiti kiko. Wasiwasi yangu ni kwamba tutakalia kiti hicho kwa kimya, mujumbe ataenda, atasikia haya ya Kiswahili chake, atanyamaza, atarudi na begi la mukutano na picha.

Hapa katika chama chetu tulianza kuulizana ni kitu gani tungetuma kwanza. Mumoja alisema orodha ya maneno ya muji wetu, pamoja na maana zake. Mwingine alitaka nakala ya Yav, iwe ku meza yao na isomwe kwa sauti. Mimi niko na huyu wa pili. Iliyobaki ni barua ya kusindikiza, na mupaka sasa hatujasikilizana kama tutaandika «mutu» ao «mtu».