Breki Kuchemka

Ukitoka Iyunga, Mbeya, kuelekea Mbalizi, barabara kuu ya Zambia inashuka Mlima Iwambi, na huko madereva wana kauli wanayoiogopa: breki zimefeli. Kauli hiyo husemwa mambo yakishaharibika. Haimwambii mtu kilichokuwa kikitokea dakika tano kabla, alipokuwa bado na nafasi ya kusimama.

Kilichotokea kabla, breki kupoteza nguvu kwa sababu ya joto, kina istilahi yake katika uhandisi, na tafsiri inayokuja upesi ni "kufifia kwa breki". Mimi siikubali. Taa hufifia, sauti hufifia. Mwendesha baiskeli ya umeme anayeushuka mlima huohuo akiambiwa breki inafifia ataibana zaidi, nayo itazidi kupata moto. Napendekeza "breki kuchemka". Gari likichemka, hata mpiga debe wa stendi anajua la kufanya: paki pembeni, liache lipoe.

Baiskeli ya umeme na betri yake, mwenyewe juu na kiroba cha viazi nyuma, vinaweza kufika kilo 120. Kuushusha uzito huo kimo cha mita 100 kwa breki peke yake hutoa joto la kuchemsha glasi moja na nusu ya maji baridi. Pedi zikizidiwa na joto hilo huteleza. Kwenye breki ya mafuta, mafuta yenyewe yakitokota, unabana mkono wa breki hadi mwisho na baiskeli haishikwi.

Kwa miteremko yetu, basi, chagua diski ya breki ya milimita 180 au 203, si 160. Breki ya waya naipenda kwa sababu fundi baiskeli yeyote ataikaza. Ile ya mafuta ina nguvu zaidi, ila usichanganye aina za mafuta, maana mpira wa ndani ya breki huvimba. Pedi ikibaki milimita moja, badilisha. Ukishuka, tumia breki zote mbili, bana kisha achia, usiburuze.

Lori hushuka kwa gia ya chini. Baiskeli ambayo mota yake hurudisha umeme kwenye betri nayo hujizuia vivyo hivyo, mradi betri iwe na nafasi. Aliyechaji usiku kucha Iyunga anaanza kuushuka Iwambi asubuhi na betri iliyojaa, akitegemea pedi tu.