Fahamu: Kwa nini bahari kuu ya Tanzania ina gesi, siyo mafuta?

Mwaka 2010 kisima cha Pweza-1 kilipata gesi kwenye kina kirefu cha bahari ya Tanzania. Kwa nini gesi na siyo mafuta? Sehemu ya jibu ni joto.

Ganda la dunia chini ya bara lina unene wa kama kilomita 35 hadi 40. Chini ya bahari kuu ni kama 7 tu. Madagaska ilipoanza kuachana na Afrika, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, ganda lilivutwa likawa jembamba, na joto la ndani likasogea juu. Baadaye likapoa, huku mito ikirundika tope na mchanga juu yake.

Tope likizidi kufukiwa linapata joto, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita. Mabaki ya viumbe humo yakifika nyuzi 60 hadi 120 hivi hutoa mafuta. Yakipita 150, mara nyingi ni gesi tu. Mabaki ya mimea ya nchi kavu nayo hutoa zaidi gesi.

Ndiyo maana wataalamu hupima joto la sakafu ya bahari kabla ya kuchimba. Wakikosea unene wa ganda, hesabu ya joto nayo inaharibika, na kisima cha mamilioni ya dola kinaweza kutoka kikavu.