Msaada wa nafsi

Daktari alipomwambia mama mkubwa kwamba, pamoja na mashine ya oksijeni, atahitaji "msaada wa kisaikolojia", alijibu papo hapo: "Mwanangu, mimi kifua kinanibana, si kichaa." Istilahi ilikuwa sahihi, ila haikumfikia.

Saikolojia ni neno la asili ya Kigiriki, na shina lake, psyche, hapo kale lilihusu pumzi kabla ya kuja kumaanisha roho. Kiswahili nacho kina nafsi, kutoka Kiarabu, ambako nafs (nafsi) na nafas (pumzi) ni za shina moja. Kwa hiyo ninapoandika "msaada wa nafsi" sipunguzi maana. Namrudishia mgonjwa wa mapafu neno lililo jirani na maradhi yake. "Ushauri nasaha" tumeuzoea, lakini unamkalisha mtu kitako asubiri kuelezwa.

Na kazi ya msaada huo ipo kweli. Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, kama mama mkubwa aliyevuta moshi wa kuni maisha yake yote, akishikwa na hofu huhema harakaharaka. Njia zilizosinyaa haziwahi kuitoa hewa ya ndani kabla nyingine haijaingia. Kifua kinajaa, kinabana zaidi, hofu inapanda. Mashine huongeza oksijeni kwenye damu, lakini hofu hiyo haiigusi. Tena mashine yenyewe ina mzigo wake: tangu tafiti za Marekani na Uingereza za 1980 na 1981, aliyepungukiwa sana na oksijeni huambiwa aivute angalau saa 15 kwa siku. Saa 15 za mrija puani, mngurumo chumbani, na wageni wakinong'ona kuhusu kifua kikuu.

Muuguzi aliyekuja nyumbani alimwambia mama mkubwa kwamba amekuja kwa ajili ya nafsi yake, akamwuliza anaogopa nini hasa. "Umeme kukatika usiku, niko peke yangu." Wakapanga: mtungi wa akiba karibu na kitanda, mjukuu alale humo. Akamfundisha kuinama mbele, viwiko magotini, na kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Kisha akaomba kipepeo cha mkaa, akampepea usoni. Ubaridi ule hutuliza hisia ya kukosa hewa hata kama oksijeni ya damu haijabadilika.

Wiki iliyofuata mama mkubwa, kipepeo mkononi, alituuliza yule dada wa nafsi atarudi lini.