Akiba, si Rudufu Tu

Mipangilio ya kompyuta ikifutika, tunaambiwa tuirejeshe kutoka kwenye "nakala rudufu". Neno hilo limezoeleka, lakini linaeleza nusu tu ya jambo. Kurudufu ni kutoa kitu cha pili kilicho sawa na cha kwanza, kama mashine ya shule inavyorudufu karatasi za mtihani. Nakala mbili zikikaa kwenye diski moja, diski ikifa zinakufa pamoja: kurudufu kumefanyika, kinga haikuwepo. Ndiyo maana napendekeza "nakala ya akiba". Akiba huwekwa kando, kwa makusudi, kwa ajili ya siku ya shida.

Wapo watakaosema rudufu imeshaota mizizi. Kweli, na haina kosa pale tunapozungumzia kunakili tu. Wengine watauliza: wahenga si walisema akiba haiozi, ilhali nakala za kompyuta huharibika? Hoja hiyo ni nzito. Kwenye Windows kuna folda iitwayo RegBack, iliyokuwa ikitunza nakala za sajili ya mipangilio ya mfumo. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, kwa kawaida mfumo hauijazi tena wenyewe: majina ya mafaili, SYSTEM na SOFTWARE, yanaonekana, lakini ukubwa wake ni baiti 0. Hiyo ni rudufu ya jina tu. Neno akiba linatudai zaidi, kwani mwenye akiba huihesabu. Fungua nakala yako leo, ujaribu kurejesha faili moja, kabla siku ya kuihitaji haijafika.