Uzi Mwekundu

Nilitogwa masikio mwaka 1977, uani kwa bibi yangu, Kikwajuni, Ng'ambo ya mji wa Unguja. Nilikuwa na miaka saba. Sindano yenyewe siikumbuki sana. Ninazozikumbuka ni siku zilizofuata: mafuta ya nazi yakinichuruzika shingoni, bibi akinishika kidevu alfajiri ili alitazame sikio kwenye mwanga wa mlangoni, na onyo lile lile kila usiku, "Mwanangu, usililalie."

Kwetu sikio halitobolewi. Kinachotobolewa ni debe au kopo, sikio hutogwa. Na pale penye tundu pana jina lake, ndewe. Bibi hakukubali kuliita ndewe tundu ambalo bado lina majimaji. "Hilo bado kidonda," alikuwa akisema. Ndewe ilikuwa ni kitu cha kulelewa mpaka kikawa.

Binti Sultani Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi watoto wa kike wa jumba la baba yake, Sayyid Said, walivyotogwa wakiwa wachanga: sindano na uzi wa hariri nyekundu, kwa kawaida matundu sita kila sikio, na baadaye pete nzito za dhahabu. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini. Uzi wa bibi yangu ulikuwa wa pamba, umekatwa kwenye kibunda cha fundi cherehani, lakini ulikuwa mwekundu. Jumba la Mtoni na ua wa Kikwajuni havikuwa na jingine lolote la kushirikiana.

Mapambo yenyewe tunayajua vizuri. Wapiga picha wa Kigoa waliofungua studio Unguja katika karne ya 19, akina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walituachia nyuso nyingi za wanawake wa mwambao, na katika masikio yao yanaonekana majasi: visahani vya mviringo vilivyojaza ndewe pana, vingine vya fedha, vingine vya karatasi za rangi zilizokunjwa. Masonara waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 ambazo ziliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo muda mrefu baada ya malkia kufa. Kila riale ina gramu 28 hivi, fedha iliyochanganywa na shaba. Yote hayo yanaweza kupigwa picha na kuwekwa nyuma ya kioo. Uzi uliotangulia majasi ulitupwa, na wanawake walioukaza na kuulegeza hawakuandikwa popote. Hilo linaniuma, maana bila wao hakuna jasi lililokaa sikioni.

Basi niandike nilichokiona. Bibi aliisugua ncha ya chini ya sikio kwa vidole mpaka ikafa ganzi. Sindano aliipitisha katika mwali wa kibatari, akaifuta kwa kitambaa kilichochemshwa. Uzi ulikuwa umelala ndani ya mafuta ya nazi tangu usiku. Alipouvuta ukapita, aliufunga kitanzi kilicholegea, kidole chake kidogo kikipenya ndani. Hapo ndipo penye ujuzi wote. Sikio lililojeruhiwa huvimba siku ya pili na ya tatu; kitanzi kilicholegea huliachia nafasi, na majimaji hupata pa kutokea.

Kila asubuhi alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yawe vuguvugu. Alilowesha pamba, akaishikilia sikioni mpaka kigaga kikalainika chenyewe. Hakukibandua kwa ukucha hata siku moja, na mimi nilipojaribu nilipigwa kofi la mkono. Uzi ulisogezwa baada ya hapo tu, kidogo mno, kisha mafuta. Wauguzi wa leo wanakataza hata huko kusogeza, kwa kuwa ngozi changa inayojishona ndani ya tundu huchanika, na naona wana haki. Kwa hilo bibi alikosea. Lakini uzi hakuusogeza kamwe kigaga kikiwa kikavu.

Si kila nyumba ilikuwa na mkono huo, na sitaki kuipamba zamani. Jirani mmoja alimpaka bintiye majivu ya jikoni. Sikio lilitunga usaha, tundu likaziba, na sasa nikikumbuka nashukuru kwamba yule mtoto hakupata pepopunda. Wengine waliota makovu makubwa yanayozidi kukua, kama gololi chini ya ngozi. Ndiyo maana bibi, kabla ya kumtoga mtoto yeyote, aliuliza kwanza makovu ya mama yake na ya khalati zake yako vipi. Na matundu ya juu, kwenye gegedu, hakuyagusa mpaka ya chini yapone. Gegedu haina mishipa ya damu ndani yake, hivyo kidonda chake huchukua miezi. Yeye alisema tu, "Huku juu kuna ukaidi."

Mimi niliishia kwenye vijiti. Baada ya wiki sita hivi uzi ulitolewa, ukaingia ujiti wa chelewa uliokwanguliwa mpaka ukang'aa, kisha hereni ndogo. Zama za bibi mwenyewe kijiti kimoja kilifuatwa na viwili, viwili na vitatu, hata ikafika zamu ya karatasi: ukanda uliokunjwa kwa nguvu, ukatiwa katika ndewe, ukawa unajifungua polepole na kuisukuma ngozi pande zote. Mama yangu hakufanyiwa hivyo. Wasichana wa rika lake walitaka dhahabu nyembamba ya kuning'inia, na ndewe pana ikawa alama ya bibi vizee.

Binti yangu nilimpeleka dukani mwaka 2006. Mashine ililia mara mbili, dakika haikuisha. Kishikizo cha nyuma kilibana kabisa, sikio likavimba, na siku ya nne kilikuwa kimemezwa na nyama. Muuguzi aliyekitoa alinionyesha kile chuma cha bei nafuu, akanieleza kuhusu nikeli na ngozi zinazoikataa. Halafu akaniagiza maji yaliyochemshwa, chumvi, na pamba. Nilikaa pale zahanati na mwanangu mapajani, nikalia. Kwa nini nilikwenda kwa mashine wakati nilijua kufunga kitanzi?

Tulingoja mwaka mzima, kisha nikamtoga mwenyewe. Uzi mwekundu.

Madrasa tulifundishwa, kwa fiqhi ya Imamu Shafi, kwamba katika josho la lazima, na la maiti ni mojawapo, maji sharti yafike ndani ya tundu la hereni lililo wazi. Bibi alifariki mwaka 1991. Majasi yake ya fedha alikuwa ameshayauza kwa sonara zamani, na ndewe zake zilikuwa zimebaki tupu, laini, zimelegea kama midomo ya vifuko. Nilikuwa mmoja wa walioshika shuka alipokuwa akioshwa. Aliyekuwa akiosha alikuwa mwanamke mzima wa mtaa wetu. Alipofika masikioni alisimamisha kata, akaiinua ndewe ya kulia kwa vidole viwili, akaingiza pamba iliyoloa upande huu akaitolea upande wa pili, taratibu, kama sikio lile lingali bichi. Kisha akamgeuza kichwa, akafanya la kushoto.