Jino Moja Lililorudi, na Wale Ambao Hawajarudi



Kila mwaka tarehe 20 Juni tunakusanyika uwanjani kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani. Kunakuwa na ngoma, hotuba, mpira wa vijana, na wageni wanaketi chini ya turubai. Kamati iliponiomba niandike habari ya historia katika toleo hili la kumbukumbu, nilikumbuka jambo lililotokea tarehe hiyo hiyo, mwaka 2022, katika mji wa Brussels, Ubelgiji. Siku hiyo serikali ya Ubelgiji iliwakabidhi watoto wa Patrice Emery Lumumba kisanduku kidogo cha rangi ya buluu. Ndani yake mlikuwa na jino moja.

Nilipowafundisha wanafunzi wangu habari hii, msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, jino moja linazikwaje?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nyumbani kwetu hata jino hatuna. Nitarudi kwenye habari hiyo mwishoni. Kwanza tueleze mambo yalivyokuwa, maana vijana wetu wengi wanalijua jina la Lumumba kwa nyimbo na fulana tu.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, sehemu za Sankuru. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, yeye alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza. Siku chache baadaye askari waliasi, na tarehe 11 Julai jimbo la Katanga likatangaza kujitenga chini ya Moïse Tshombe. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alitangaza kumwondoa Lumumba madarakani, na tarehe 14 ya mwezi huo Kanali Mobutu akachukua nguvu. Lumumba akabaki amefungiwa nyumbani kwake Léopoldville (Kinshasa ya leo), akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka akielekea Stanleyville, yaani Kisangani, walikokuwa wafuasi wake wengi. Alikamatwa njiani, akafungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville.

Tarehe 17 Januari 1961 alipakiwa kwenye ndege pamoja na wenzake wawili: Maurice Mpolo, aliyekuwa Waziri wa Vijana na Michezo, na Joseph Okito, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Seneti. Walipigwa ndani ya ndege hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi. Usiku ule ule walipelekwa porini, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Waliokuwepo ni viongozi wa Katanga, askari wao, na maofisa wa Kibelgiji waliokuwa katika utumishi wa Katanga. Wakafukiwa hapo hapo.

Lakini wauaji hawakutulia. Kaburi ni shahidi, nao walilijua hilo. Maiti zilifukuliwa, zikahamishwa, na mwishowe kazi ya kuzimaliza akapewa kamishna mmoja wa polisi, Mbelgiji aitwaye Gérard Soete. Yeye na msaidizi wake walizikatakata na kuziyeyusha katika tindikali kali. Naomba radhi kwa kuandika mambo haya mbele ya wazee, lakini tukiyapitia juu juu hatutaelewa kwa nini jino moja lilikuwa na thamani kubwa hivyo.

Tarehe 13 Februari 1961 waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, alitangaza kwamba wafungwa wale walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Jina la kijiji halikutajwa, wala mahali pa kaburi. Akaongeza kwamba watu watasema sisi ndio tuliowaua, na jibu lake kwao lilikuwa: thibitisheni. Angaliteni vizuri jibu hilo. Mtu anayesema "thibitisheni" akiwa amekwisha kuuyeyusha ushahidi anajua anachokisema.

Kesho yake, tarehe 14 Februari, mjane wake, Mama Pauline Opango, alitembea kwa miguu katika mitaa ya Léopoldville, bila viatu, kifua wazi kama desturi ya msiba inavyotaka, akifuatana na ndugu zake. Alikwenda kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa kuomba jambo moja tu, asaidiwe kupata mwili wa mume wake auzike. Alirudi mikono mitupu. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Wakati huo watoto wake walikuwa wamekwisha kutoroshwa kwenda Cairo, Misri, ambako Rais Nasser aliwapokea. Ndiyo kusema watoto wa Waziri Mkuu walikuwa wakimbizi kama watoto wetu, walikulia ugenini na kusoma kwa lugha ya wenyeji. Mama Pauline alifariki Kinshasa mwezi wa Desemba 2014. Alikaa mjane karibu miaka 54, na hakuonyeshwa hata mfupa.

Basi jino lilitoka wapi? Lilitoka kwa yule yule aliyetumwa kufuta kila kitu. Soete alirudi kwao Ubelgiji, na miaka mingi baadaye alisimulia mbele ya kamera za televisheni kazi aliyoifanya, akaonyesha na meno aliyoyachukua kama kumbukumbu ya uwindaji. Alidai baadaye kwamba aliyatupa baharini. Alikufa mwaka 2000. Mwaka mmoja kabla ya hapo mtaalamu wa Kibelgiji, Ludo De Witte, alikuwa ametoa kitabu juu ya mauaji hayo kilichowatikisa Wabelgiji, hata Bunge lao likaunda tume ya uchunguzi. Tume hiyo ilimaliza kazi mwaka 2001 ikisema kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji wa wakati ule wanabeba wajibu wa kimaadili. Mwaka 2002 serikali yao iliomba radhi. Neno "kimaadili" ni neno lenye ujanja ndani yake. Linakubali kosa bila kumpeleka mtu mahakamani.

Familia haikuridhika. Mwaka 2011 ilifungua mashtaka Brussels. Kwa sheria za huko mauaji ya kawaida ya mwaka 1961 yalikuwa yamekwisha kupitwa na muda, lakini uhalifu wa kivita hauna muda wa kufa, kwa hiyo mlango ulikuwa haujafungwa. Kisha mwaka 2016 binti wa Soete alizungumza na gazeti moja, akaonyesha jino lililobaki kwa baba yake. De Witte alipeleka mashtaka, polisi wakaenda nyumbani kwa yule mama, wakalichukua. Kesi ya watu waliosemekana hawana mwili ikapata kitu cha kuwekwa juu ya meza.

Jambo moja linafaa kusemwa waziwazi. Jino lile halikupimwa vinasaba, maana lingeharibika katika kupimwa, na waendesha mashtaka wenyewe walikiri kwamba hakuna uhakika kamili. Watu wengine wamelishika neno hilo ili kubeza. Mimi nadhani familia ilipima jambo hili kwa busara: aliyelitoa alikuwa mkono uliofanya kazi ile, na kuliharibu ili kulithibitisha kungewaacha tena mikono mitupu kama mama yao. Tarehe 30 Juni 2020 binti wa marehemu, Juliana, alimwandikia Mfalme wa Ubelgiji barua akiomba mabaki ya baba yake. Mwezi wa Septemba jaji akakubali yarudishwe. Ugonjwa wa korona ukachelewesha sherehe mwaka mzima.

Baada ya makabidhiano ya tarehe 20 Juni 2022, jino liliwekwa katika jeneza la kawaida la mtu mzima, likazungushwa nchini: Onalua alikozaliwa, Kisangani alikopendwa, Shilatembo alikouawa. Tarehe 30 Juni, miaka 62 kamili baada ya uhuru, likazikwa Kinshasa, mtaa wa Limete. Hilo ndilo jibu nililompa yule msichana darasani: linazikwa kama mtu mzima.

Kesi yenyewe haikuzikwa nalo. Mwezi wa Juni 2025 mwendesha mashtaka wa Ubelgiji aliomba mtu wa mwisho aliyekuwa hai kati ya walioshtakiwa, mzee wa zaidi ya miaka 90 aliyekuwa mwanadiplomasia kijana mwaka 1961, apelekwe mahakamani. Ombi si hukumu, na mimi si hakimu. Ninachotaka tukione ni kwamba miaka 64 ilikuwa imepita.

Sasa nawauliza: Mpolo na Okito wako wapi? Waliuawa usiku ule ule, mahali pale pale, na tindikali ilikuwa moja. Nao walikuwa na wake na watoto. Hakuna kisanduku cha buluu kilichotengenezwa kwa ajili yao, kwa sababu hakuna kilichobaki, au hakuna aliyejali kukichukua. Kila nikisoma habari za mazishi yale ninatafuta majina yao, mara nyingi nayakuta mwishoni mwa sentensi. Hata mimi hapa nimewataja kwa mistari michache.

Majirani zetu Warundi wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mwaka 1972 katika nchi yao walikamatwa walimu, wanafunzi, wauguzi, makarani, wakulima, wakapakiwa kwenye malori, wasirudi. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Familia zilikatazwa hata kufanya kilio. Mwezi wa Januari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilianza kufukua makaburi ya pamoja, na Februari ilitangaza kwamba katika makaburi sita ya mkoa wa Karusi, kama ulivyoitwa wakati huo, yamepatikana mabaki ya watu 6,032. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Wengine wameilaumu tume hiyo kwa namna ilivyofukua na kwa miaka iliyoichagua kwanza. Majadiliano hayo nawaachia wenyewe, kwa kuwa gazeti hili si la siasa. Lakini rozari iliyokaa ardhini miaka 48 ikamtambulisha mwenyewe, hiyo haina chama.

Nimefika kwetu. Kambi hii ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, watu walipovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Mimi nilivuka nikiwa mgongoni mwa mama. Mjomba wangu alibaki ufukweni kusubiri mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa pili ulifika, yeye hakuwemo. Tangu hapo kuna waliosema walimwona Baraka, kuna waliosema alipigwa risasi njiani, na kuna mmoja aliyesema ameoa huko Zambia. Bibi yangu alikufa hapa kambini bila kukubali tufanye kilio. Alisema ukimlilia mtu aliye hai unamfungia njia. Mke wa mjomba alikaa miaka kumi na moja, kisha akaolewa, na wako waliomsema vibaya. Mimi sikumsema. Ni nani kati yetu angeweza kumwonyesha kaburi?

Haki ya familia kujua yaliyompata ndugu yao si fadhila. Imeandikwa katika Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, kifungu cha 32. Vilevile, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2006 juu ya watu waliopotezwa kwa nguvu unahesabu kupotezwa kuwa kosa linaloendelea hadi ukweli ujulikane. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma makala haya wanavijua vifungu hivyo kuliko mimi. Nawaomba jambo dogo. Mkija kutuandikisha mnauliza ni watu wangapi katika nyumba, ili mjue kilo za unga. Ulizeni pia ni nani anakosekana. Barua za Msalaba Mwekundu zimewakutanisha wengi, nasi tunashukuru, ila wazee wengi wasiojua kusoma hawajawahi kujaza karatasi ile, wengine wakiogopa kwamba jina likiandikwa litawarudia.

Kwa upande wetu, nimeiomba Kamati ruhusa ya kuanza daftari shuleni, kila Jumamosi baada ya saa nane. Anayetaka aje aseme, mimi na walimu wenzangu tutaandika bila malipo: jina la mtu na la baba yake, kijiji, siku na mahali alipoonekana mara ya mwisho, nani alikuwa naye. Tena tutaandika yale ambayo watu huona aibu kuyataja: nguo aliyovaa, mfupa uliowahi kuvunjika, meno. Wenye kumbukumbu hizo ni wazee, na mwaka huu pekee tumekwisha kuzika kadhaa. Daftari litakaa ofisini kwa Kamati chini ya kufuli, wala halitasomwa na yeyote bila ridhaa ya familia.

Ukurasa wa kwanza umekwisha kujazwa. Nilimwuliza mama jioni moja tukipepeta maharage, naye akajibu bila kufikiri, kana kwamba nimechelewa kuuliza. Mjomba alikuwa na shati la kijani lililochanika kwapani, kovu la mafuta ya moto kwenye mkono wa kulia, na pengo mbele, upande wa kushoto, alilolipata alipoanguka mwembeni akiwa mtoto.