Nyimbo Tulizozingoja

Historia ya muziki wa dansi huandikwa kwa kuwafuata wapigaji: nani alianzisha bendi ipi, nani aliihama, nani alikwenda kurekodi wapi. Wanastahili. Lakini mimi niliyekulia Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, naona upande mmoja wa historia hiyo hausemwi, nao ni upande wa wasikilizaji. Mtunzi wa enzi zile hakutunga peke yake. Alitunga mbele ya mji mzima uliokuwa ukimpima, ukimlinganisha na mwenziwe, na kuulizana kila wiki ana kitu gani kipya. Mabishano hayo wengi waliyaona kuwa ni porojo za vijiweni. Mimi naamini yalikuwa kazi, na kazi yenyewe haijaisha.

Kwanza tujiulize kwa nini mji mdogo kama ule uliweza kulea bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na barabara ya kutoka Dar es Salaam huachana hapo, moja ikaenda Dodoma na nyingine Iringa. Kuzunguka mji kulikuwa na mashamba ya mkonge, kama Tungi na Pangawe, yaliyojaa vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Mwisho wa mwezi vibarua hao walikuwa na fedha mkononi na uchovu mwilini, na dansi ilivitafutia vyote viwili pa kwenda. Kutoka milimani, Matombo na Mgeta, Waluguru waliteremka na ndizi na mboga zao, wakauza, na baadhi yao hawakupanda tena mlima usiku ule. Watu wa namna hiyo, waliotoka mbali na wasiojuana kwa ukoo, walihitaji jambo la kuzungumza pamoja. Walipata muziki.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Upande wa pili alisimama Salum Abdallah, mzaliwa wa mwaka 1928, ambaye baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Kijana huyo alizipenda mno sahani za santuri zilizoitwa G.V., zilizoleta muziki wa Kuba Afrika Mashariki, hata akatoroka nyumbani katikati ya miaka ya 1940 akitaka kwenda Kuba kwa meli. Safari yake iliishia Mombasa. Aliporudi alianzisha kikundi akakiita La Paloma, na baadaye kikawa Cuban Marimba. Hakuifika Kuba, lakini aliileta Morogoro, akaivika Kiswahili.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa fundi cherehani karibu na soko, na alikuwa mtu wa Salum. Kwetu Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mjomba si mtu wa kupita tu. Neno lake nyumbani lilikuwa zito kuliko la baba. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na kibaraza chake kilikuwa baraza la wapenda muziki. Waliokuja kupimwa suruali walikaa wakabishana mpaka wakasahau suruali. Wapo waliosema ubora wa wimbo uko katika maneno, wapo walioshikilia kwamba maneno ni kamba tu ya kufungia gitaa. Mjomba alikuwa akinyanyua mguu kutoka kwenye cherehani na kusema, "Subirini, sikilizeni tena hapa," kisha anairudisha sindano mwanzoni.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikufundishwa shuleni, kwamba chombo hutengeneza umbo la kazi. Sahani ya zamani, ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika, haikuchukua zaidi ya dakika tatu hivi kila upande. Mtunzi alipaswa kusema shida yake, kuilalamikia na kuimaliza ndani ya dakika hizo. Ndiyo maana nyimbo za Salum zimebana kama methali. Baadaye zilipoenea sahani ndogo za mizunguko 45, watunzi walizoea kuugawa wimbo mmoja pande mbili: upande wa kwanza kisa, upande wa pili gitaa, ala za kupuliza na watu kucheza. Mashabiki wakapata ugomvi mpya. Wengine waliutaka upande wa kwanza tu, kwa sababu ndiko kwenye mafunzo. Wengine walisema aliyetaka mafunzo aende darasani.

Ulinganisho mwingine tuliupata kwenye sinema. Filamu za Kihindi zilipendwa sana Afrika Mashariki, na watazamaji hawakuwa Wahindi peke yao. Katika filamu hizo mtunzi wa muziki alikuwa mtu mkubwa, jina lake likiandikwa kwenye bango pamoja na la mwigizaji. Watu waliwajua Shankar na Jaikishan waliotunga muziki wa Awaara ya mwaka 1951, na Naushad aliyetunga wa Mother India ya mwaka 1957. Tena huko India nyimbo zilitangulia filamu: zilitolewa kwenye santuri na kupigwa redioni kabla picha haijaonyeshwa, hivyo mashabiki walikwisha kubishana juu ya filamu wasiyoiona. Huku pwani yetu waimbaji wa taarabu, na hasa Juma Bhalo wa Mombasa, walizichukua tuni hizo wakazitilia mashairi ya Kiswahili.

Mjomba alizipenda, lakini alikuwa na hoja yake. Alisema, "Wenzetu wanapewa wimbo na picha. Sisi tunapewa wimbo, picha tunaichora wenyewe." Kila nikiikumbuka kauli hiyo naona uzito wake. Mtunzi wa filamu huongozwa na kisa kilichoandikwa na mwingine. Mtunzi wa dansi la Morogoro alikuwa mwandishi wa kisa, mwigizaji wake na mpiga muziki wake, kisha akawaachia wasikilizaji kazi ya kumtafuta mwanamke aliyeimbwa amekaa mtaa gani.

Tarehe 19 Novemba 1965 Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37. Cuban Marimba haikufa, maana Juma Kilaza aliishika akaiendeleza kwa heshima. Lakini kibarazani kwa mjomba kukawa na jambo jipya. Walipokwisha kuzijadili nyimbo zilizopo, walianza kuzijadili zisizokuwapo. Angefanya nini na magitaa haya mapya ya umeme? Angeliimbaje Azimio la Arusha? Mzee mmoja alijibu kwamba maiti haulizwi. Mjomba akamwambia, "Simuulizi yeye. Nakuuliza wewe uliyemsikiliza, umejifunza nini?"

Wakati huohuo Morogoro Jazz ilikuwa imempata kijana Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944, mwaka uleule bendi ilipozaliwa. Kwa gitaa lake la solo alikuja kuitwa "Soloist National". Mwaka 1970 bendi iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya Expo 70 huko Osaka, Japani, na mji ukatembea kifua mbele kama kwamba sote tulipanda ndege. Kwa mjomba ilikuwa mtihani. Alikaa muda mrefu akisema kijana ana vidole lakini hana ufupi. Kilichomlainisha ni namna Mbaraka alivyosimulia mambo ya watu: ulaghai wa marafiki, ndoa, umaskini, heshima. Pia aliimba habari za nchi. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Morogoro Jazz walimtungia wimbo wa maombolezo. Tangu hapo likitokea jambo zito watu walisikika sokoni wakisema, "Tungoje, tutamsikia Mbaraka."

Neno hilo "tungoje" ndilo kiini cha makala hii. Habari za nyimbo zijazo hazikutangazwa na kampuni. Wimbo mpya ulisikika kwanza ukumbini, mara nyingine haujapata hata jina, na waliokuwapo Jumamosi waliupeleka kibarazani Jumapili kwa midomo. Aliyetoka Dar es Salaam aliulizwa bendi imerekodi nini Radio Tanzania. Aliyetoka Nairobi, ambako sahani nyingi za wanamuziki wetu zilichapwa, aliulizwa ana sahani gani kwenye mzigo. Mwaka 1973 Mbaraka alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, mji uligawanyika kama jamaa wanaogombania urithi. Lakini pande zote mbili ziliendelea kungoja.

Mjomba hakuwa mwepesi wa kuandika, kwa hiyo kazi hiyo alinipa mimi. Nilikuwa na daftari la mistari, na kila wimbo uliojadiliwa niliuandika jina, mahali uliposikika, na maoni ya baraza kwa ufupi. Maoni mengine yananichekesha hata leo: "Mzuri, ila analia mno." "Upande wa pili umezidi wa kwanza." "Huu si wake, ni wa mshahara." Mwishoni mwa daftari mjomba aliamuru ziachwe kurasa za nyimbo zinazokuja. Humo tuliandika vijisehemu vya habari: bendi imesikika ikijaribu wimbo juu ya kitu fulani, msafiri fulani amesema hivi.

Kurasa hizo hazikujaa. Tarehe 12 Januari 1979, nchi ikiwa katika vita na Idi Amin, Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Ukijumlisha umri wake na wa Salum hupati hata miaka ya mzee mmoja wa kawaida wa Kiluguru anayefia kitandani akizungukwa na wajukuu. Mji mmoja, watunzi wawili, na wote wawili wamechukuliwa na barabara. Siku habari ilipofika, cherehani ya mjomba haikulia. Jioni alinitaka nifungue zile kurasa za mwisho, nikazisoma kwa sauti. Wanaume wazima walisikiliza orodha ya nyimbo ambazo huenda hazikuwapo kamwe, wakiwa kimya kama waliokaa matangani.

Mjomba naye hayupo tena, na wengi wa baraza lake. Nyimbo kwa bahati zipo. Mnamo 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilizikusanya nyimbo za Salum kwenye diski, na za Mbaraka pia zimekusanywa namna hiyo. Leo kijana yeyote anaweza kuzipata kwenye simu yake. Nashukuru, ila najua kilichomo kwenye diski ni nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwenye vinywa vya watu waliojua kwa nini wimbo ule ulichukiza upande mmoja wa mji, na kwa nini wengine walipousikia walimtazama jirani yao kisha wakatazama chini. Hiyo haina mtambo wa kuihifadhi. Huhifadhiwa na ubishi tu, na ubishi unataka watu wawili waliosikiliza kwa makini wakafika mahali tofauti.

Kwa hiyo sina huzuni kubwa ninapowakuta vijana wa siku hizi wakibishana juu ya wasanii wao, nani ameishiwa na nani anatoa kitu kipya mwezi ujao. Naliona baraza la mjomba limevaa nguo nyingine. Hofu yangu ni kwamba mabishano yao mengi ni ya nani ana watazamaji wengi, si ya wimbo wenyewe umekaaje. Mjomba aliwajua waliojaza kumbi, lakini hakuwahi kulitumia hilo kama hoja.

Juzijuzi dereva mmoja wa bodaboda, akinipeleka Bigwa, aliniuliza kama ni kweli huyo Mbaraka wa kwetu angekuwa hai angewashinda hawa wa sasa. Nilimwuliza wimbo gani wake anaujua. Akautaja mmoja, akauimba kipande cha mwanzo, na kwa haki aliuimba vizuri. Nikamwambia jibu nitampa tukionana tena, lakini kwanza akausikilize mpaka mwisho, upande wa pili.